Hita ya gesi ya kukaushia korosho: inapogoma kuwaka, inapojizima, na wakati wa kuacha kugusa

Mwongozo huu ni kwa mafundi na wasimamizi wa zamu katika viwanda vya kubangua korosho Mtwara na Lindi wanaowasha hita mpya ya gesi kwa mara ya kwanza, au wanaoiamsha iliyolala tangu msimu uliopita. Hita inayozungumziwa ni ile ambayo moto unawaka ndani ya kibadilisha joto, moshi unatoka nje kwa dohani, na bloa kubwa inasukuma hewa safi kupitia dakti hadi kwenye chumba cha matrei. Hewa inayogusa korosho haikutani na moshi. Zipo hita ambazo moto unawaka moja kwa moja ndani ya mkondo wa hewa. Hizo zina taratibu zake, na kwa chakula hatuzishauri.

Dalili zilizoandikwa hapa ndizo zinazojirudia. Chini ya kila moja, chanzo kinachotokea mara nyingi kimetangulia na kile cha nadra kiko mwisho, kwa hiyo fuata mpangilio huo badala ya kuanza kufungua valvu.

Mfano wa hesabu utakaotumika ni huu: bloa inasukuma mita za ujazo 2.5 kwa sekunde, hewa inaingia ikiwa 30°C na inatakiwa kufika 70°C. Joto linalohitajika ni 1.2 × 2.5 × 40, yaani kilowati 120 (1.2 ni kilojuli za kupasha mita moja ya ujazo ya hewa kwa nyuzi 1). Kwa ufanisi wa 90%, kichomeo, yaani sehemu ya hita inayounguza gesi, kinahitaji takriban kilowati 133 za gesi.

Kabla ya yote: ni gesi gani, na nani aiguse

Kuna viwanda vinavyotumia gesi asilia ya bomba na kuna vinavyotumia mitungi ya LPG (gesi ya kimiminika kama ile ya kupikia, yaani propane na butane). Tofauti yake inabadilisha kila kitu. Gesi asilia ya Mnazi Bay na ya Songo Songo karibu yote ni methane. Ni nyepesi kuliko hewa, hupanda darini na kujikusanya chini ya mabati. LPG ni nzito kuliko hewa, hushuka sakafuni na kuingia kwenye mitaro na mashimo. Methane hulipuka ikiwa kati ya 5% na 15% ya hewa. LPG huanza kwenye 2% hivi, kwa hiyo uvujaji mdogo wa mtungi ni hatari mapema zaidi. Kigunduzi cha gesi asilia hufungwa juu karibu na dari, cha LPG hufungwa sentimita chache kutoka sakafuni. Ukikuta kimefungwa kinyume, kihesabu kama hakipo.

Soma kibao cha hita. Kikisema gesi asilia, usiiunge kwenye mtungi kwa kudhani regyuleta (kidhibiti presha) itasawazisha. Mita moja ya ujazo ya propane ina nishati zaidi ya mara mbili ya methane, na tundu za nozeli hazifanani. Hita ya gesi asilia ikilishwa LPG hutoa moto mrefu wa njano na masizi ndani ya dakika chache. Kubadilisha aina ya gesi ni kubadilisha nozeli, presha, wakati mwingine na valvu, kisha kupima moshi upya. Hiyo ni kazi ya fundi gesi mwenye leseni.

Fundi wa kiwanda anaruhusiwa kukagua hewa, filta, mikanda, umeme, na kusoma vipimo. Kufungua bomba la gesi, kugusa skrubu ya regyuleta au kufumua valvu ya usalama ni kazi ya mwenye leseni ya gesi. Bomba jipya lazima liwe limeshapimwa na kukabidhiwa kwa maandishi kabla hita haijaguswa.

Vifaa: manometa (kipima presha) ya 0 hadi 100 mbar, multimita inayosoma mikroampea za DC, maji ya sabuni na brashi, kigunduzi cha gesi cha mkononi, kipima moshi kinachosoma oksijeni na CO (kaboni monoksidi), na vipimajoto viwili. Bila kipima moshi unaweza kuona moto unawaka, lakini huwezi kusema unawaka salama.

Dalili: harufu ya gesi, hata kama hita imezimwa

Usiendelee na dalili nyingine yoyote mpaka hii imalizike. Funga valvu ya mkono iliyo nje ya jengo, toa watu, fungua milango. Usiwashe wala kuzima swichi yoyote ya umeme ndani, hata taa na hata bloa, kwa sababu cheche ya swichi inatosha. Simu ipigwe ukiwa nje. Zimamoto ni 114, kisha msambazaji wa gesi yako. Gesi asilia yenyewe haina harufu, ile inayonuka imeongezwa makusudi, na pua iliyozoea huacha kuisikia. Kwa hiyo mtu kusema "siisikii tena" si ushahidi kwamba imeisha. Kigunduzi ndicho kinachosema.

Chanzo cha kawaida ni viungio vya mwisho: nati ya kuunganishia valvu ya hita, tundu la kupimia presha lililoachwa bila kukazwa, na mpira wa mtungi uliopasuka kwa jua. Gesi ikishatoka jengoni, fundi gesi atapaka sabuni kiungo kimoja kimoja na kutazama mapovu. Tundu la kupimia husahauliwa kuliko vyote, kwa sababu hulegezwa kila mara presha inapopimwa.

Kwa jaribio la kushikilia presha, jaza bomba hadi presha ya kazi, funga, liache litulie, kisha soma manometa kwa dakika 10. Fanya asubuhi au bomba likiwa kivulini. Bomba linalopigwa na jua la Mtwara saa 6 mchana hupandisha presha yake lenyewe, na uvujaji mdogo unaweza kufichwa na joto hilo: sindano inaonekana imesimama kumbe gesi inatoka. Presha kubwa ya kupimia uimara wa bomba isifike kwenye valvu za hita. Zitenganishwe kwanza, la sivyo ngozi zake za ndani hupasuka. Moto wa kiberiti kamwe usitumike kutafuta uvujaji, na oksijeni kamwe isitumike kujaza bomba.

Dalili: bloa inazunguka lakini kichomeo hakianzi kabisa

Hakuna kupuliza, hakuna cheche, kontrola (kifaa cha umeme kinachoongoza uwashaji) imetulia tu. Mara nyingi tatizo si gesi. Hita inasubiri uthibitisho fulani ambao haujafika.

Anza na vitu vya bure. Je, themostati ya chumba inadai joto? Ikiwa imewekwa 30°C na chumba kina 31°C, hita inafanya sawasawa. Je, themostati ya kikomo, inayokata moto joto likizidi, imeruka? Ina kitufe chake chekundu cha kubonyeza kwa mkono. Bonyeza mara moja, kisha nenda kwenye dalili ya kikomo hapo chini, kwa sababu kuna kilichoirusha.

Baada ya hapo shughulika na swichi ya hewa. Swichi hii hupima tofauti ya presha ya hewa kuthibitisha kwamba bloa inasukuma kweli. Inagoma kwa sababu hizi, kwa mpangilio huu:

1. Filta imeziba. Vumbi la ngozi ya korosho ni jepesi na la mafuta, hushika kwenye filta kuliko vumbi la kawaida. Toa filta, jaribu bila filta kwa dakika moja kama kipimo tu. Swichi ikikubali, badilisha filta.

2. Kibomba chembamba cha plastiki cha swichi kimeziba, kimechomoka au kina maji. Kwenye hita iliyolala miezi kadhaa, nyigu wa udongo hujenga ndani ya tundu hilo. Chomoa kibomba upande wa swichi kwanza ndipo upulize kuelekea kwenye dakti. Ukipuliza kuelekea kwenye swichi utapasua ngozi yake.

3. Mkanda wa bloa umelegea au umevunjika. Mota inalia, mapanga yanasuasua. Ukibonyeza mkanda katikati kwa kidole, ulegee kidogo tu bila kubonyea kama kamba; ukiwa unang'aa pembeni, badilisha.

4. Bloa inazunguka kinyume. Hili ndilo linalopoteza siku nzima za mafundi, kwa sababu bloa ikizunguka kinyume bado inatoa hewa upande uleule, ila kidogo sana. Mtu akiweka mkono anahisi upepo na kusema iko sawa. Tazama mshale uliochorwa kwenye bodi lake, zima, tazama mapanga yanavyomalizia mzunguko. Kama yanaenda kinyume, fundi umeme abadilishane nyaya mbili kati ya tatu za mota, umeme ukiwa umekatwa na kufungiwa kwa kufuli. Kagua tena kila baada ya jenereta kuunganishwa upya, kwani mpangilio wa fezi wa jenereta unaweza kutofautiana na wa TANESCO.

5. Milango ya dakti imefungwa, au swichi yenyewe imekufa.

Kuna hali moja iliyo kinyume: swichi ya hewa imejifunga, yaani inapitisha umeme muda wote, hata bloa ikiwa imesimama. Kontrola nzuri hukataa kuanza, kwa sababu hukagua kwanza kama swichi iko wazi wakati hakuna hewa. Ukikuta hivyo, fungua kifuniko na utazame kama kuna mtu ameiunga dairekti. Kuiunga swichi ya hewa dairekti ni kuiambia hita iwake hata bloa ikisimama. Kibadilisha joto kitakuwa chekundu ndani ya muda mfupi na chuma kitapasuka. Ondoa waya huo kabla ya kugusa kitu kingine, hata kama uzalishaji umesimama na lori liko getini.

Dalili: inapuliza, cheche zinasikika, moto hauwaki, kisha inajifungia

Kujifungia ni kontrola kukata kila kitu na kugoma mpaka ubonyeze kitufe cha kuanza upya. Kwenye hita mpya, chanzo cha kwanza ni hewa iliyobaki ndani ya bomba. Hewa hiyo isitolewe kwa kubonyeza kitufe cha kuanza upya mara kumi. Unavyofanya hivyo unajaza chumba cha moto mchanganyiko wa gesi na hewa, na cheche inayofuata ndiyo itakayoulipua. Fundi gesi aitoe hewa kupitia mpira unaopelekwa nje, mbali na madirisha, mitaro na kitu chochote chenye moto, kigunduzi kikiwa mkononi.

Kanuni tunayoishikilia: kitufe cha kuanza upya kibonyezwe mara 2 tu. Kati ya mara hizo, kontrola imalize kupuliza kwake kote. Kupuliza huko kunatakiwa kubadilisha hewa ya chumba cha moto na njia za moshi angalau mara 4. Kama ujazo wake ni mita za ujazo 0.3 na feni ya kichomeo inapuliza 160 kwa saa, mara 4 ni mita za ujazo 1.2, ambazo huchukua sekunde 27. Kontrola nyingi zimewekwa sekunde 30 au zaidi. Usizipunguze ili hita iwahi. Ikijifungia mara ya pili, acha kubonyeza uanze kutafuta.

Valvu ya mkono imefungwa? Inachekesha mtu akiulizwa, lakini kwenye bomba refu huwa ziko tatu au nne, na moja hubaki imefungwa. Regyuleta yenye kinga ya presha imejikata? Hutokea valvu ikifunguliwa kwa ghafla. Fungua polepole siku zote. Kuirudisha regyuleta iliyojikata ni kwa fundi gesi, baada ya kujua kwa nini ilijikata. Kisha soma presha ya kuingilia kwenye tundu la kabla ya valvu. Hita nyingi zilizotengenezwa Ulaya hutaja 20 mbar kwa gesi asilia na 37 kwa propane, lakini kibao cha hita yako ndicho mwamuzi.

Presha ikiwa sawa, kagua elektrodi ya cheche, gesi ikiwa imefungwa. Mwanya wake kwa kawaida ni milimita 2 hadi 3, na picha iliyo kwenye kitabu cha hita huonyesha ilivyokaa kuelekea nozeli. Cheche inayolia haimaanishi iko mahali pake. Kaure ikiwa na ufa mwembamba, cheche hurukia bodi la kichomeo nyuma kabisa, ambako gesi haifiki. Unaisikia ikilia vizuri, na moto hauji.

Mwisho kabisa, valvu za solenoidi (zinazofunguliwa kwa umeme) hazifunguki. Pima kama umeme unafika wakati wa kuwasha. Umeme ukifika na valvu haifunguki, inabadilishwa nzima. Usiifumue wala kuigonga kwa nyundo.

Dalili: moto unawaka vizuri, kisha unakatika ndani ya sekunde chache

Hii ndiyo dalili inayopotosha kuliko zote, kwa sababu watu huona moto kwa macho yao na kulaumu kontrola. Kontrola haioni kama wewe. Inapitisha umeme mdogo sana kupitia moto wenyewe, kutoka elektrodi ya kuhisi hadi kwenye bodi la kichomeo, na kupima mikroampea zinazopita upande mmoja. Zikikosekana, ndani ya sekunde chache inafunga gesi. Hivyo chochote kinachokata njia hiyo huonekana kama moto umezimika.

Kagua laivu na nyutro. Kontrola nyingi zinahitaji laivu iwe kwenye tundu lake. Ukizibadilisha, mota itazunguka, cheche itapiga, moto utawaka, na mikroampea hazitasomeka. Pima: laivu na ethi iwe karibu volti 230, nyutro na ethi iwe karibu sifuri.

Hapo ndipo jenereta huumbua. Kiwanda kinawaka salama kwa TANESCO, umeme ukikatika jenereta inachukua, na hita inajifungia kila ikijaribu. Pima nyutro na ethi ukiwa kwenye jenereta. Ukipata volti 100 na kitu, au namba inayocheza, nyutro ya jenereta inaelea, haijaunganishwa na ethi, kwa hiyo umeme wa kuhisi moto hauna njia ya kurudi. Tiba ni fundi umeme mwenye leseni kuunganisha nyutro na ethi mahali panapostahili kwenye jenereta au kwenye swichi ya kubadilishia, au kuweka transfoma ya kutenganisha kwa ajili ya kontrola, upande wake mmoja ukiwa kwenye ethi. Usiunge nyutro na ethi ndani ya boksi la hita. Siku nyutro ikikatika, bodi zima litakuwa na umeme.

Ethi yenyewe: mikroampea hazihitaji ethi kali, zinahitaji ethi isiyokatika. Waya wa kijani na njano uliokazwa juu ya rangi haushiki chuma. Kwangua rangi, tumia washa ya meno, kaza. Kwa upande wa usalama wa watu, ethi lazima iwe na nguvu pia, na mchanga mkavu wa pwani ni mgumu kupitisha umeme. Fundi umeme aipime kwa kifaa chake.

Kisha elektrodi ya kuhisi. Isafishe kwa pamba ya chuma laini, si kwa msasa unaoacha mikwaruzo. Hakikisha ncha iko ndani ya moto na haigusi chuma. Kwenye viwanda vya karibu na bahari, chumvi na unyevu hutanda juu ya kaure na umeme huvuja juu yake. Ifute kwa kitambaa kikavu, na kama ina ufa, ibadilishe.

Ukishamaliza, pima. Chomoa waya wa elektrodi, unga multimita katikati kwenye mikroampea za DC, washa. Kontrola nyingi zinataka isipungue 1, na kichomeo kizima hutoa zaidi ya hapo kwa nafasi nzuri, bila kutetereka. Namba ikiwa 1.2 na inacheza, hita itawaka leo na itagoma usiku wa mvua. Andika namba hiyo kwenye kadi ya hita.

Dalili: inawaka kwa kishindo

Zima. Funga valvu ya mkono. Usiijaribu tena ili wenzako nao wasikie.

Kishindo maana yake gesi ilijikusanya kabla ya kupata cheche. Vyanzo ni elektrodi iliyokaa mbali, gesi nyingi mno ya kuanzia, hewa ya kichomeo iliyozidi, au valvu inayovujisha gesi ndani ikiwa imefungwa. Hita salama ina valvu mbili za kujifunga zilizofuatana, ili moja ikivujisha nyingine izuie. Fundi gesi ana tundu la kupimia kati ya valvu hizo na atajua ipi imechoka. Baada ya kishindo, kibadilisha joto kikaguliwe nyufa na viungo vya dohani vikaguliwe kama vimeachana. Wewe mwenyewe huna cha kurekebisha hapa.

Dalili: moto wa njano, masizi, wafanyakazi wanaumwa kichwa

Ukisikia watu wawili wa chumba cha kukaushia au cha kumenya wanalalamika kichwa na kichefuchefu kwa pamoja, zima hita, watoe nje kwenye hewa safi, wapelekwe hospitali. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Hita isiwashwe tena mpaka ipimwe.

Kila mita ya ujazo ya gesi asilia inahitaji karibu mita 10 za hewa kuungua. Kwa hiyo chanzo cha kwanza ni hewa ya kuchomea kukosekana. Chumba cha hita kimefungwa madirisha kuzuia vumbi, au gunia zimewekwa mbele ya matundu. Lipo pia kosa la kimpangilio: bloa kubwa inavuta hewa yake kutoka chumba kilekile cha hita. Inakinyonya chumba mpaka moshi unashindwa kupanda dohani na kurudi chini. Jaribu hivi: hita ikiwaka na milango ikiwa imefungwa kama kazini, soma kipima moshi, fungua mlango, soma tena. CO ikishuka ghafla, jibu umelipata. Bloa ivute hewa kutoka nje kwa dakti yake.

Hewa ya kuchomea isitoke upande wa kukaangia au kubangulia. Mvuke wa mafuta ya maganda ya korosho huganda kwenye mapanga ya feni ya kichomeo na kula chuma. Feni iliyoganda mafuta hupuliza pungufu huku gesi ikiwa ileile.

Kwa gesi asilia, moshi mzuri una oksijeni 3% hadi 5%, CO2 karibu 9% hadi 10%, na CO chini ya 100 ppm (sehemu kwa milioni). Ikizidi hapo, fundi gesi arekebishe hewa na gesi. Rangi ya moto inasaidia tu. Kichomeo kinaweza kuwa na moto wa buluu na CO mbaya.

Chanzo kibaya kuliko vyote ni kibadilisha joto kilichopasuka. Dalili yake inategemea bloa iko upande gani. Bloa ikiwa kabla ya kibadilisha joto, inasukuma: hewa inaingia kwenye moto kupitia ufa, moto unayumba bloa inaposhika kasi, na oksijeni kwenye moshi inapanda bila sababu. Bloa ikiwa baada yake, inavuta: moshi unanyonywa kuingia kwenye hewa ya korosho, na CO inasomeka kwenye dakti. Kwa hiyo pima sehemu zote mbili. CO kwenye dakti ikizidi ile ya hewa ya nje, kazi imesimama. Kibadilisha joto hakichomelewi, kinabadilishwa.

Dalili: inafanya kazi dakika kadhaa kisha kikomo kinaruka

Hewa ni ndogo kuliko joto. Pima hewa inayoingia na inayotoka. Kwenye mfano wetu tofauti ni nyuzi 40. Ukisoma 60, hewa yako imeshuka hadi theluthi mbili, au gesi imezidi. Tofautisha kwa mita ya gesi: kilowati 133 ni takriban mita za ujazo 14 za gesi asilia kwa saa, yaani karibu 0.47 kwa dakika 2. Mita ikikubaliana, rudi kwenye filta, mkanda, mzunguko wa bloa na milango ya matrei iliyofungwa. Mita ikizidi, presha ya kichomeo imepandishwa.

Umeme kukatika huleta dalili hii pia. Bloa inasimama ghafla, chuma kina joto kali, kikomo kinaruka. Acha milango ya dakti wazi, subiri umeme, endesha bloa peke yake mpaka hewa ipoe, ndipo ubonyeze kitufe. Kama umeme hukatika mara kwa mara, chuma kinachoka, na ukaguzi wa nyufa uwe wa kila mwanzo wa msimu.

Angalia pia kidude cha kuzimisha bloa baada ya moto. Mara nyingi hutoka kikiwa kimewekwa 30 au 35°C. Mwezi Desemba hapa hewa yenyewe iko huko, kwa hiyo bloa haizimi, na mtu wa zamu anachoka kusubiri na kukata swichi kuu, hita ikiwa bado ya moto. Kiweke karibu 45°C kama kitabu cha hita kinaruhusu.

Dalili: joto halifiki 70°C

Kwa mitungi, ni mvuke hautoshi. Kilowati 133 ni zaidi ya kilo 10 za LPG kwa saa, na mtungi wa kilo 38 hutoa kilo 1 hadi 2 kwa saa mfululizo. Mitungi mitatu itatoa jasho, itapoa, presha itashuka. Ongeza idadi au weka tangi. Usimwagie mtungi maji ya moto wala kuwasha kitu chini yake.

Kwa bomba, soma presha ya kuingilia hita ikiwaka kwa nguvu zote na mashine nyingine za gesi zikiwaka pia. Ikishuka sana, bomba ni jembamba au regyuleta ni ndogo; mwenye leseni ahesabu upya.

Majaribio kabla ya kuikabidhi kwa zamu

Hita ikiwaka, funga valvu ya mkono: moto ukizimika, kontrola ikate valvu zake mara moja na isijiwashe ovyo. Ziba filta kwa karatasi ngumu taratibu: swichi ya hewa ikate moto kabla kikomo hakijaruka. Shusha kikomo hadi chini ya joto la kazi: moto ukatike, bloa iendelee. Kirudishe pale pale. Andika kwenye kadi presha ya kuingilia, presha ya kichomeo, mikroampea, oksijeni, CO, na tofauti ya joto, pamoja na tarehe. Jaribio moja likifeli, hita haikabidhiwi.

Dalili: umeizima, na moto bado unaonekana kwenye kioo

Hata mwali mdogo. Valvu zote mbili zinapitisha gesi. Funga valvu ya mkono ya nje, acha bloa na feni ya kichomeo zikiendelea, usikate umeme mpaka moto uzimike na chuma kipoe. Kisha funga valvu hiyo kwa kufuli, ning'iniza kibao cha "USIFUNGUE", ufunguo ukae kwa msimamizi mpaka fundi gesi afike.